Kitasa Kilichomsikiliza Mangeni

Asio alikuwa ameshika mkoba wenye nguo za mama yake aliposikia kitasa kikijifunga. Akausogelea mlango na kuujaribu mkono wa kitasa. Haukushuka.

Simu ikaita. Alikuwa Mangeni, mumewe, wakala wa forodha, aliyekuwa Kampala kikazi.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nilikwambia asubuhi. Toto amelazwa Tororo." Kijijini kwao Kwapa, kama kwa Wateso wote, mama mzazi ni toto. "Kaka Okurut amesema hali si nzuri."

"Na mimi nikakwambia ungoje. Ijumaa nakuja, tunakwenda pamoja na gari."

"Mangeni, fungua mlango."

"Barabarani kuna watu wabaya, mama. Ndani kuna chakula, maji yapo, televisheni ipo. Unakosa nini?"

Akakata. Asio akabaki amesimama, mkoba begani, kama abiria aliyeachwa.

Mambo haya yalianza na wezi. Jumapili moja, wao wakiwa kanisani, wezi walivunja kioo kilicho kando ya mlango, wakaingiza mkono, wakafungua kwa ndani na kuibeba televisheni. Mangeni hakupata usingizi kwa muda mrefu baada ya hapo. Ndipo akamleta fundi kutoka ng'ambo ya mpaka, Busia ya upande wa Kenya, mwanamke aitwaye Winfred. Huyo akafunga vihisio vya kutambua kila mlango au dirisha likifunguka, kamera getini, taa zinazojiwasha, na kitasa cha umeme kinachoweza kufungwa nje na ndani, ili mwizi akivunja kioo tena asipate cha kuzungusha. Vifaa vyote viliongea bila waya na kompyuta ndogo iliyowekwa stoo. Kompyuta yenyewe haikuwa na masikio ya kuvisikia. Masikio yake yalikuwa adapta ya USB, kidude cha ukubwa wa kidole gumba chenye antena fupi. Na kompyuta ikimaliza kusikia, ilimpelekea Mangeni habari kwenye simu na kupokea amri zake, popote alipo.

Mwanzoni Asio alifurahi, akawaonyesha hata wageni taa zinavyojiwasha. Kisha simu zikaanza. Mlango wa nyuma umefunguka, nani amekuja? Mbona taa ya chumbani imewaka mchana? Umekaa nje sana, ulikuwa unaongea na nani? Polepole akajikuta anaanika nguo zote kwa mkupuo mmoja ili mlango usifunguke mara nyingi. Akaacha kwenda kwa jirani yake Anjeline. Akajifunza kutembea ndani ya nyumba yake kama mgeni anayeogopa kuamsha wenyeji. Lakini kufungiwa ndani mchana kweupe, hilo lilikuwa jipya.

Akampigia kaka yake, Okurut.

"Dada, mume anayekulinda hivyo ni wa kushukuru," Okurut alisema. "Ngoja hiyo Ijumaa."

"Na toto?"

"Anauliza kama umefika."

Asio alizunguka nyumba. Mlango wa mbele ulikuwa wa chuma, wa nyuma nao wa chuma, na Mangeni alikuwa ameufunga pia. Madirisha yote yalikuwa na nondo. Angeweza kupiga kelele, na majirani wangekuja. Lakini kabla jua halijazama, soko zima lingekuwa linajua kwamba mke wa Mangeni anafungiwa kama mbuzi. Hakupiga kelele.

Akaingia stoo. Kompyuta ilikuwa inawaka taa yake ya kijani, adapta imechomekwa ubavuni. Akaichomoa. Akakimbia mlangoni, akabonyeza mkono wa kitasa. Wapi! Simu ikaita kabla hajapumua.

"Umegusa nini huko stoo?"

"Nilikuwa nafagia."

"Rudisha."

Akairudisha. Hapo ndipo alipoona, juu ya kompyuta, karatasi ndogo ya kunata yenye namba ya simu ya fundi.

Aliipiga, na Winfred akavuka mpaka mchana huohuo. Aliingiza mkono kwenye tundu la geti, akaondoa komeo, akaja mpaka dirisha la sebuleni. Alikuwa mwanamke mfupi, begi la kompyuta mgongoni. Alitazama nondo, akamtazama Asio nyuma ya nondo.

"Ulisema kitasa kimeharibika."

"Hakijaharibika. Kinafanya kazi yake."

Asio akamweleza yote, kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na wa kuwasikia. Winfred alisikiliza hadi mwisho, akiwa amekunja uso.

"Dada, mteja wangu ni yeye," alisema hatimaye. "Neno la siri la ile kompyuta ya stoo ni lake. Hata mimi siwezi kuingia."

"Basi uvunje."

"Mlango wa chuma? Nilete mtu wa kuchomelea na jenereta, mtaa wote ujae hapa?"

Asio akainamisha kichwa. Alishika nondo mbili na kuegemeza paji la uso katikati yake. Hakulia, alikuwa amechoka tu.

Winfred akavuta pumzi. "Kitasa hiki nilikifunga kwa mikono yangu," alisema. "Aliniambia ni kwa ajili ya wezi." Akashusha begi, akatoa kompyuta yake na adapta nyingine kama ile ya stoo. "Sikiliza. Kitasa kina bwana mmoja tu. Kikishaunganishwa na adapta moja, hakisikii nyingine. Lakini kikisahaulishwa, kinatafuta bwana mpya. Mimi nitaiweka kompyuta yangu hapa tayari kukipokea. Wewe utakisahaulisha huko ndani."

Akampitishia bisibisi ndogo kati ya nondo. Asio akaenda mlangoni, akafungua kifuniko cha betri za kitasa. Chini yake palikuwa na kitufe chembamba kama mbegu ya mpapai.

"Bonyeza, usiachie mpaka taa iwake nyekundu, izime, iwake tena."

Alibonyeza mpaka kidole kikauma. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka, ikaanza kumeta. Winfred alikodolea macho kompyuta yake. Hakuna kilichotokea. Taa ikachoka kumeta, ikazima.

"Mlango huu unameza mawimbi," Winfred alisema. "Na adapta ikikaa karibu na kompyuta inavurugwa zaidi." Akatafuta begini, akatoa waya mrefu wa USB, akachomeka upande mmoja kwenye kompyuta na mwingine kwenye adapta. "Shika. Ipeleke karibu na kitasa."

Adapta ikaingia ndani ya nyumba, ikining'inia mwisho wa waya. Asio ndio kwanza ameishika, simu ikaita.

"Kitasa kimepotea kwenye simu yangu," Mangeni alisema. "Na kamera ya getini imeonyesha mtu akiingia."

"Ni yule fundi wako, Winfred. Betri zilikuwa zinaisha." Asio alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka shwari. "Kama hutaki abadilishe, mwambie mwenyewe. Lakini mlango utabaki hivyo, na wezi wako njiani."

"Afanye haraka," Mangeni alisema. "Na abaki nje."

Asio akakata simu, akabonyeza kitufe tena, adapta mkono wa kushoto. Taa ikameta. Nje, Winfred akatoa mguno.

"Kimekuja! Kimeingia kwangu. Sogea."

Kitasa kikajifungua kwa sauti ileile aliyozoea kuiogopa. Asio akabonyeza mkono, ukashuka. Mwanga wa jua ukammwagikia miguuni, naye akashindwa kutoka. Alisimama kizingitini, akisubiri mtu amuulize anakwenda wapi.

"Dada," Winfred alisema, "toka."

Akatoka.

Winfred aliita bodaboda, wakapakiana wote wawili, kwa sababu alisema hamwachi peke yake na simu ile. Simu iliita njia nzima ya Tororo. Asio aliipokea mara moja tu, akasema, "Nakwenda kwa toto," akaizima.

Alimkuta mama yake hai, amelalia ubavu, midomo imekauka. Mama alimtambua. Akamshika kidole, akakishikilia mpaka usingizi ukamchukua. Okurut, aliyekuwa mlangoni mwa wodi, hakuweza kumtazama dada yake usoni.

Ijumaa Mangeni alifika. Alileta maziwa na matunda, akamwamkia mkwewe kwa heshima, kisha akamwomba Asio watoke nje. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimekitoa kitasa," alisema. "Nimeweka cha ufunguo. Ufunguo huu hapa, ni wako."

Asio hakuupokea. "Na vihisio?"

Mangeni akatazama chini. "Vile ni kwa usalama, mama."

"Toto akiruhusiwa, nakwenda naye Kwapa."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

Asio alitaka kusema zaidi, lakini muuguzi alimwita ndani. Asio akageuka. Nyuma yake alimsikia Mangeni akimwita kwa jina, si kwa neno mama kama alivyozoea, na akaendelea kutembea.