Samaki Kwenye Kiti cha Daktari wa Meno

Daktari wa meno ambaye wagonjwa walimpachika jina la Rula, kwa jinsi alivyochukia jino lililokaa upande, alikuwa amenyoosha meno ya ukoo mzima isipokuwa watu wawili. Wa kwanza mkewe, mtaalamu wa samaki, ambaye jino lake moja la mbele lilimpanda mwenzake. Wa pili mama yake mzazi, ambaye hakubakiwa na jino hata la dawa, na aliyeapa kwamba meno ya bandia hayataingia kinywani mwake akiwa hai.

"Ufizi wangu unatafuna kila kitu," alikuwa akisema, "hata maneno ya watu."

Siku moja mashine ya eksirei ya makumbusho anakofanya kazi mkewe iliharibika. Mke akaingia kliniki na chupa yenye samaki mweusi, urefu wa kiganja, aliyenaswa na meli ya utafiti.

"Nipigie picha ya kichwa chake."

"Huyu hana miadi."

"Mume wangu, mwenzio katoka kilindini."

Daktari alimlaza samaki kwenye kiti cha wagonjwa, akamfungua mdomo kwa koleo. Chonge mbili za chini zilisimama kama sindano za kushonea magunia. Mkewe akamweleza kuwa kwa mwili mdogo vile, ni samaki wachache mno wenye meno marefu kama hayo. Macho, kwa upande mwingine, ni madogo na hayamfai sana. Huko gizani husikia mtikisiko wa maji kwa mstari ulio ubavuni, akigongana na riziki anaing'ata.

"Kazi mbovu hii," daktari alisema. "Akifunga mdomo anajitoboa ubongo."

Picha ikatokea kwenye skrini. Kando ya ubongo, huku na huku, palikuwa na mifuko miwili mitupu, na chonge ziliingia humo kama visu kwenye ala. Daktari aliisogelea skrini.

"Kichwa kimeyapisha meno," mkewe akasema taratibu.

Wakati huo mama mtu, aliyekuja kusubiri lifti ya kurudi nyumbani, alisukuma mlango bila miwani na kuiona skrini.

"Hayo ndiyo uliyonipangia, mwanangu?"

"Mama, huyo ni samaki."

"Najua nimechuja, lakini si kwa kiasi cha kuitwa samaki."

Mkwe wake alimletea chupa na miwani. Mama alimwangalia samaki kwa muda mrefu.

"Na meno yote hayo anakula nini?"

"Samaki wenzake na kamba, mama. Akiwa mchanga ana vimeno tu, na miiba kichwani. Wataalamu wa zamani walidhani ni samaki mwingine kabisa."

"Kwa hiyo naye hakuzaliwa nayo."

"Hakuzaliwa nayo, mama."

Mama akaketi kwenye kiti kilekile. "Basi nipime. Ila yangu yawe mafupi."

Tangu siku hiyo daktari hakulisema tena jino la mkewe. Hata wagonjwa wenye meno ya kupandana aliwaambia wakafikiri kwanza. Mke alifurahi, kisha akaanza kukosa raha.

"Siku hizi hulitazami jino langu," alimwambia mezani.

"Limekaa pake. Kichwa kimelipisha."

Mke akaweka kijiko chini. Miaka yote alitaka mume ampende na jino lake, si kwa hoja za samaki. Jumatatu alikwenda kliniki, akapanga foleni kama mgonjwa yeyote. Daktari alijaribu kumrudisha nyumbani.

"Samaki hana shida," mke alimjibu. "Hana mama mkwe anayemshinda kutabasamu kwenye kila picha."

Akafungwa waya wa kunyoosha meno. Alipoitwa kuwaonyesha wataalamu wenzake ile picha ya eksirei, kila herufi ya "s" ilimtoka na mluzi, na kwa bahati mbaya mada ilikuwa samaki. Mama mkwe, aliyeketi mstari wa mbele na meno yake mapya, alimwinamia mwanawe.

"Ungemwacha tu alivyokuwa."

"Nilimwacha, mama," daktari akanong'ona. "Kumwacha ndiko kulikoniponza."