Ndege Isiyo na Betri

Ile safari niliiuza mimi. Nilichungulia dirishani, nikaona ndege imesimama nje, imeoshwa, nikamwambia daktari kwenye simu: ipo, njoo. Kumbe fundi wetu, tunamwita Spana, alikuwa ameisukuma nje kupata nafasi tu. Betri yake kaihamishia ndege ya pili, na hiyo ya pili iko angani na watalii.

"Ungeniuliza," Spana akasema. "Au mdomo siku hizi unalipiwa ushuru?"

Daktari alishafika, kakaa mapokezi na sanduku la vifaa vyake vya upasuaji. Huko anakokwenda kuna mama mjamzito anamsubiri.

Mjomba, mwenye kampuni, akanivuta ofisini akafunga mlango.

"Mzungushe. Mwambie hali ya hewa mbaya."

"Na jua lote hili, Mjomba?"

"Basi mwambie tunajaza mafuta. Hiyo nyingine ikirudi tunampakia."

"Inarudi lini?"

Akatazama saa. Watalii walikuwa wameomba kuzungushwa mara nyingine.

"Kipara ana ndege imekaa bure," nikasema. Kipara ndiye mshindani wetu, ng'ambo ya uwanja.

"Ukimpa Kipara huyu daktari, humuoni tena. Ndege ikilala chini haili mafuta, inatula sisi. Huyu daktari ndiye anayetushikilia, anakodi kila wiki. Akihama, nauza ndege moja, na wewe unarudi kwa mama yako. Sikutishi, mwanangu. Nakupa hesabu."

Nikatoka. Daktari akasimama, simu mkononi.

"Kijana, tunaondoka? Nesi anasema damu haikati."

Mjomba alikuwa mlangoni, ananikazia macho.

"Daktari, hatuna ndege," nikasema. "Mara ya kwanza nilikudanganya bila kujua. Sasa hivi ningekudanganya nikijua."

Nikampigia Kipara palepale. Akaanza kucheka.

"Leo mmenyonyoka mabawa?"

"Utacheka baadaye. Washa injini."

Nikabeba sanduku, tukakimbia kukatiza uwanja, daktari viatu mkononi. Kipara alimpa daktari kadi yake ya biashara kabla hata mlango haujafungwa. Akaipokea, akaitia mfukoni. Ndege ikapaa.

Nilirudi kwa miguu, taratibu. Mjomba alikuwa kwenye simu, anamweleza mtu ndege yetu ni ya mwaka gani na ina viti vingapi. Hakuniangalia. Nikakaa kwenye kiti changu, nikangoja amalize.