Pembe Yenye Pete ya Shaba

Katika miaka ile reli ya Wajerumani ilipokuwa bado imekomea Mombo, kila mzigo uliotoka huko kuja Arusha ulimaliza safari yake kichwani mwa mtu. Wapagazi waliingia kwa njia ya Moshi. Walivuka Mto Themi, na ng'ambo ya kivuko, kabla ya kupanda bomani, waliwakuta wanawake wenye vyakula. Nasieku alikuwa mmoja wao. Aliuza loshoro, yaani ndizi zilizopikwa, zikapondwa na kuchanganywa na maziwa ya mgando. Loshoro yake haikuwa tamu kuliko ya wengine, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Watu walimjia kwa sababu ya mume wake, ambaye hakuwapo.

"Mimi nauza ndizi," alikuwa akisema Tabea, Mmeru aliyetandaza ndizi mbivu jirani naye. "Mwenzangu anauza mume. Na mume haozi."

Wapagazi walicheka. Nasieku naye alicheka kidogo, kwa kuwa kukasirika kulihitaji nguvu, na nguvu zake alikuwa akiziweka kwa ajili ya kuni na maji.

Mwanzoni hakuwa akiuza kitu. Mnyapara wa boma alimchagua mumewe, Sakaya, kupeleka ngozi Mombo. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Mmoja alisema aliachwa kambini pamoja na wagonjwa. Mwingine alisema alihamishiwa msafara mwingine. Nasieku akateremka kivukoni kuwauliza wapita njia. Aligundua upesi kwamba mtu mwenye njaa hasikilizi swali mpaka mwisho, ndipo akaanza kuja na chungu. Kwao, kwa Waarusha, mke hamtaji mumewe kwa jina mbele za watu. Lakini mpagazi angemtafutaje mtu bila kujua jina lake? Basi alijifunza kulitamka, kwa Kiswahili cha misafara alichokiokota palepale: mume wangu anaitwa Sakaya, ni mrefu, alipita hapa.

Watu walikula, wakasikiliza, na safari iliyofuata wakarudi na wenzao. "Ndiye huyu mama wa Sakaya," walielezana, wakanunua. Kabla Nasieku hajatambua kilichotokea, swali lilikuwa limegeuka biashara, na biashara hiyo ilimlisha yeye pamoja na wifi yake Nalepo, dada ya Sakaya, aliyeleta maziwa kutoka Olasiti.

Siku moja ya mvua wateja walikuwa wakiinuka mmoja mmoja kwenda kujikinga bandani kwa Tabea, na chungu kilikuwa bado kimejaa. Nasieku akasikia mdomo wake ukisema kwamba Sakaya alipofika katikati ya mto aligeuka, akachomoa kiunoni pembe yake ya tumbaku, pembe ndogo yenye pete ya shaba, akaiinua juu ili mkewe aione kwa mara ya mwisho. Waliokuwa wakiinuka waliketi tena. Chungu kikaisha.

Pembe hiyo ilikuwa ya mzee mmoja jirani yao. Sakaya hakuwa na pembe, wala hakunusa tumbaku. Kifua chake kilikuwa kibovu. Vumbi dogo tu lilimfanya akohoe huku amekandamiza kiganja kifuani, kama mtu anayezuia mlango usifunguke. Kifua hicho Nasieku hakuwahi kukitaja kwa mteja yeyote. Mume mgonjwa hawapi watu hamu ya kula.

Tangu hapo pembe ilikaa ndani ya hadithi, na mvua zikaja na kupita. Nasieku aliweza kuisimulia yote huku akiwaza kama kuni zitatosha. Sauti yake ilijua mahali pa kushuka, na mkono wake ulijua mahali pa kuinuka. Alipofika nyumbani jioni hakutaka kusema neno lolote, hata la kumfukuza mbuzi mlangoni.

Habari zilikuja. Sakaya ameonekana Same. Sakaya anachunga ng'ombe wa Kaburu mmoja chini ya mlima. Alizipokea zote na kumpa Nalepo, naye Nalepo alimpelekea mama yake mzazi. Moja tu aliikataa. Katika mwaka wa kwanza, kabla ya pembe, mpagazi mmoja mzee wa Kipare alimwambia kwamba kwenye kivuko cha Ruvu, njia ya Mombo, walimfukia kwa mawe Mwarusha mmoja mrefu aliyekufa kwa homa. Jina lake hakulijua. Alikumbuka tu kwamba alikuwa akikohoa usiku kucha, kiganja kikiwa kifuani. Nasieku alimjibu kwamba watu wa kukohoa ni wengi. Akamwongezea chakula, na habari hiyo hakumfikishia Nalepo.

Dismasi aliingia siku ya jua kali, na msafara uliobeba misumari na mabati. Alikuwa Mchaga wa Kibosho, mchangamfu, mwenye tabasamu pana. Alitua mzigo wake akaja moja kwa moja mpaka kwenye chungu.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye wa Sakaya?"

"Marahaba. Ndimi. Keti ule kwanza."

"Chakula kitangoja. Mama, nimemwona."

Nalepo alikuwa akimimina maziwa. Kibuyu kilisimama hewani.

"Wapi?" Nasieku aliuliza.

"Mombo, pale reli inapoishia. Anapakia mizigo kwenye mabehewa. Ni mzima kabisa. Hata kitambi anacho."

"Basi mume huyo ana nafuu kuliko sisi," Tabea alisema kutoka kwenye ndizi zake.

Nalepo hakujua Kiswahili vizuri. Aliuliza kwa Kimaasai, lugha ya kwao, kilichosemwa, na Nasieku akamfasiria. Nalepo aliweka kibuyu chini taratibu. Kisha akaanza kupanga, kwa haraka, kana kwamba mipango hiyo ilikuwa tayari moyoni siku zote.

"Nenda na msafara huuhuu ukirudi, wifi. Chungu nitakaa nacho mimi. Mwambie mama bado yu hai, ila macho yamepungua. Mwambie aje kabla hayajaisha."

Nasieku aliisikia furaha mbali, kama sauti ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya korongo. Alihitaji kuisogeza karibu. Alihitaji kumwona.

"Ni mrefu?"

"Mrefu."

"Anasema Kimaasai?"

"Anasema. Na Kiswahili anakisema kuliko mimi. Mama, mtu yule anajua kusimulia! Kila jioni sisi wa misafara tunamzunguka. Anatueleza alivyomwacha mkewe kivukoni, na alivyogeuka katikati ya mto. Watu wazima wanafuta macho. Mimi nilimpa nusu ya ugali wangu, kwa ajili yako."

"Anasema aligeuka?"

"Aligeuka, akainua pembe yake ya tumbaku. Na pembe yenyewe nimeiona, mama, ina pete ya shaba. Alinionjesha hata mimi."

"Na yeye alinusa?"

"Alinusa."

"Akakohoa?"

Dismasi alicheka. "Akohoe kwa nini? Yule ni mtu wa tumbaku hasa."

Nasieku alitazama mto. Alimwona yule mtu wa Mombo waziwazi kuliko alivyoweza sasa kumwona Sakaya: mtu mrefu, mwenye njaa, aliyesikiliza wapagazi wakisimulia habari za mama wa kivukoni, akaona kwamba mahali pa mume pako wazi. Akatafuta pembe, akatafuta fundi wa kuivika pete ya shaba. Nasieku hakuweza kumkasirikia. Walikuwa wakila chungu kimoja, yeye upande huu wa njia na mtu yule upande ule.

Akazipitia habari nyingine, moja baada ya moja. Aliyeonekana Same alikuwa na pembe. Mchungaji wa Kaburu alikuwa na pembe. Zote zilitoka kinywani mwake, zikaenda na misafara, zikamrudia zikiwa na vumbi la njiani, naye akazikaribisha kama wageni. Moja tu haikutoka kwake. Kifua hakuwahi kumtajia mtu, na Mpare yule alikijua.

"Wifi," Nalepo alisema. "Wanaondoka lini? Umemuuliza?"

"Siendi."

"Huendi?"

"Ndugu yako alinusa tumbaku lini?"

Nyumbani, wao wawili ndio waliokuwa wakiwahamisha wageni wenye tumbaku waende kukaa nje, ili Sakaya apate usingizi.

"Basi huyo wa Mombo ni nani?"

"Mtu mwenye njaa."

Halafu Nasieku alimweleza habari za mpagazi wa Kipare, za homa, za mawe na za kiganja kifuani. Alizisema kwa ufupi. Hakushusha sauti mahali popote, wala hakuinua mkono.

Nalepo alisikiliza mpaka mwisho. "Ulijua," alisema.

"Niliambiwa. Sikutaka kujua."

"Mama ananiuliza kila ninaporudi. Kila siku naingia na neno la kumpa."

"Najua."

"Leo nitaingia na nini?"

"Tutaingia wote. Nitasema mimi."

Nalepo alichukua kizibo cha kibuyu, akakizungushazungusha mkononi, kisha akaziba. Alisogea akaketi karibu na Nasieku, bega likigusa bega, na kwa muda hakuna aliyehudumia wateja. Tabea aliwatazama, akaanza kupanga ndizi zilizokwisha kupangwa.

Dismasi hakuwa ameelewa Kimaasai chao. Tabasamu lilikuwa limemtoka. "Mama, nimekosa?"

"Hujakosa, baba. Umefanya ulichoombwa. Kula sasa."

Alikula ameinamisha kichwa. Alipomaliza, alifuta bakuli kwa kidole na kusimama, lakini hakuondoka.

"Yule bwana ataniuliza. Nikifika Mombo nimwambie nini?"

Nasieku alifikiri. "Mwache ale," alisema. "Mwambie pembe ni yake, akae nayo. Jina tu aliweke chini. Kwetu, mtu akishakufa, jina lake halitajwi."

Msafara mwingine ulipofika kivukoni, Nasieku alikuwapo mahali pake. Alikuwa amenyoa kichwa, na zile shaba za masikioni, ambazo mwenye mume huzivaa, hazikuwapo. Nalepo alikuwa kando yake na maziwa. Nasieku angependa kubaki nyumbani amelala, lakini ndizi zilikuwa zimekwisha kuiva na nyumbani hakukuwa na mwingine wa kuwalisha.

"Mama wa Sa..." mpagazi mmoja alianza. Nalepo aliinua kiganja, naye akaishia hapo.

Walipokea chakula, wakaketi, wakangoja. "Hebu tupe hadithi yako, mama," alisema mwingine. "Wenzangu hawa ni wageni."

"Mume wangu alipita hapa na mzigo wa ngozi," Nasieku alisema. "Alikuwa na kifua kibovu. Alipata homa, akafa kwenye kivuko cha Ruvu. Wenzake walimfukia kwa mawe."

Walisubiri zaidi. Hakukuwa na zaidi.

"Aliitwa nani?"

"Kwetu hatutaji."

Wawili walitazamana, wakamaliza upesi, wakahamia kwa Tabea. Nasieku aliwaona wakienda na hakutafuta neno la kuwarudisha. Kijana mmoja alibaki ameshika bakuli tupu, uso wake ukiwa na masikitiko ya mtu aliyepunjwa.

"Lakini aligeuka, sivyo? Katikati ya mto. Njiani wote wanasema aligeuka."

"Hakugeuka," Nasieku alisema. "Alikuwa na mzigo kichwani."

Kando ya kijana, mpagazi wa makamo alipeleka mkono nyuma ya shingo yake, pale mzigo unapolemea, na kuisugua polepole. Kisha akasogeza bakuli lake mbele, na Nasieku akampakulia.