Kulwa na Doto wa Ntalikwa

Mti wa muba ulio nyuma ya ofisi ya warina asali wa Ntalikwa ulikuwa na mkanda wa chokaa kiunoni. Mzee Masolwa ndiye aliyeupaka, alama ya pa kukata. Kesho yake angeubandua gome kuuzunguka wote apate mzinga wa nyuki, na mti ungekauka umesimama. Mimi, Shamimu, binti wa fundi cherehani wa Gongoni, nilikuwa nimejigamba kwamba nitamzuia kwa hesabu.

Makubaliano yangu na warina yalikuwa hivi: mizinga ya mbao ikitoa asali nyingi kuliko ya magome, hakuna tena kubandua miti. Isipotoa, mapanga yaendelee. Kila mrinaji alichagua mti mmoja, akatundika humo mzinga wa gome na mzinga wa mbao. Na kwa kuwa Mnyamwezi haachi vitu viwili vilivyokuja pamoja bila jina, wakaiita kama mapacha: wa gome Kulwa, wa mbao Doto. Nilicheka. Kwenye chati yangu niliandika "gome" na "mbao" tu, kama msomi.

Siku ya mkutano nilibandika chati ukutani, katika ukumbi wa ofisi ile. Nguzo mbili za wastani wa kilo za asali, na juu ya kila moja mstari mwembamba wenye vikomo, unaoonyesha wastani ule unaweza kuyumba kiasi gani. Chuoni tunauita masharubu. Nguzo ya mbao ilikuwa ndefu kidogo, lakini masharubu yake yaliingiliana sana na ya gome.

"Yanasalimiana," alisema Masolwa, na ukumbi ukaangua kicheko.

Uso uliniwaka. Nilitamani kudanganya, nasema kweli. Badala yake nikawaambia: kwa chati hii siwezi kuapa kwamba mbao imeshinda. Masolwa akaanza kutafuta panga lake chini ya benchi.

"Ngoja kwanza, baba," alisema Mama Getruda, mwenyekiti. Akanigeukia. "Mwanangu, kwenye mti wangu ulipima kilo ngapi?"

"Kulwa kumi na nane, Doto ishirini."

"Na kwenye mti wa mwenzangu Kornel?"

"Kulwa nne, Doto sita na nusu."

"Mti wangu uko mtoni, wa Kornel uko kwenye mawe. Sasa wewe umechukua akina Kulwa wote ukawarundika huku, akina Doto wote kule. Mapacha hawatenganishwi! Mlinganishe Doto na Kulwa wa tumbo moja."

Miaka minne ya chuo, na kosa la mtoto! Masharubu yangu yalikuwa marefu kwa sababu miti inatofautiana, si kwa sababu mizinga inalingana. Nikageuza karatasi, nikafungua daftari la vipimo, nikaanza upya mbele yao: kila mti, Doto toa Kulwa. Mbili. Mbili na nusu. Moja na nusu. Kati ya miti kumi na miwili, ni mmoja tu ambao Kulwa alishinda, tena kwa nusu kilo. Nikakokotoa wastani wa tofauti hizo, nikachora nguzo moja na masharubu yake. Yalikuwa mafupi, na yalikaa mbali na sifuri: hata wastani ukiyumba, Doto angebaki mbele.

"Kwa miti hii, mwaka huu," nilisema, "sasa naapa."

Masolwa aliitazama karatasi, akachukua panga lake, akatoka bila kuaga.

Tukasikia chuma kikikwaruza ule mti wa muba. Nilitoka mbio, moyo mkononi, nikijiandaa kugombana na mtu wa umri wa babu yangu.

Alikuwa amelipindua panga, anakwangua ile chokaa kwa upande usio na makali. Vumbi jeupe lilimwangukia miguuni.

"Shikamoo, babu," nilisema.

"Marahaba. Lete maji," alijibu bila kugeuka. "Chokaa hii imeingia kwenye nyufa."