Swali la Kila Asubuhi

Daftari lilikuwa la kurasa mia mbili, gamba gumu, na makazi yake yalikuwa juu ya meza ya pasi, kati ya kopo la chaki na bakuli la vifungo. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla chai haijapoa, binti alilifungua, akaandika tarehe, kisha akamtazama mama yake kama anavyotazamwa mtu aliyefika dirishani kuulizia faili lake.

"Haya mama. Swali la leo."

Kazi yake ilikuwa masjala, kutunza mafaili ya watu, na mtaani walimwita Karani, basi. Alikuwa amerudi kwa mama yake na mimba ya miezi mitano, maana mumewe ni dereva wa malori ya safari ndefu na nyumba yao ilikuwa tupu wiki tatu kati ya nne. Mimba ndiyo iliyomtia wazo. Alitaka mtoto azaliwe akute watu wake wameandikwa: nani alimzaa nani, nani alihamia wapi, nani alikufa kwa nini. Swali moja kwa siku, robo saa, asiruke hata siku moja.

"Ukitaka yote kwa mkupuo, keshokutwa umechoka," alisema. "Faili linajaa karatasi moja moja."

Mama yake, fundi cherehani wa miaka mingi, alicheka. "Mimi nilimaliza darasa la saba nikasema nimepona mitihani. Kumbe mtihani ulikuwa unanitafuta, umenikuta nakunywa chai."

Mwanzoni aliyafurahia maswali. Alisimulia habari za babu aliyenunua viatu vya harusi akavibeba mkononi mpaka mlangoni kwa mchumba, visichakae. Alisimulia habari za mama yake mdogo aliyewakataa wachumba wawili kwa kuwa wote walikuwa wanakoroma.

"Na alijuaje kama wanakoroma?" Karani akauliza, kalamu juu.

"Hilo usiandike."

Siku ya thelathini na moja, Karani alisema, "Leo ni zamu yako mwenyewe. Watoto wako. Wa kwanza nani?"

Mama alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. "Swali gani hilo sasa? Si wewe."

"Sema vizuri, niandike."

"Andika basi. Wewe. Kifungua mimba na kitinda mimba, umefungua mlango ukaufunga mwenyewe."

Karani akacheka, akaandika. Mama aliisikia kalamu ikikwaruza karatasi, na uzi ukakataa kuingia kwenye tundu la sindano mara tatu.

Maana kabla ya Karani walikuwepo wavulana wawili. Wa kwanza aliishi mwaka mmoja na miezi miwili. Wa pili alifika miaka miwili na nusu, akajua kuimba, akajua kumwiga baba yake anavyokohoa. Wote wawili walianza vilevile: mikono na miguu ikavimba, ukiwagusa wanalia, halafu viganja vikawa vyeupe na macho ya manjano. Hakuna aliyewaambia wazazi jina la ugonjwa. Waliloambiwa lilikuwa jingine. Mama mkwe alilisema mbele ya watu, huku anafagia uwanja, wala hakuacha kufagia: tumbo la mwanamke huyu linakula watoto. Mumewe, sasa marehemu, akafunga mizigo. Wakiwa juu ya lori, kati ya godoro na cherehani, walikubaliana kwamba huko waendako, wao ni watu ambao hawajazaa bado. Binti alipozaliwa mzima, wakamwita kifungua mimba, na majirani wapya hawakuwa na la kubisha.

Mtu anaweza kuficha aliolewa mara ngapi, au alifukuzwa wapi. Mtoto wake hatakufa kwa kutojua hayo. Lakini mama huyu aliyaweka yote kwenye fungu moja, aibu na ugonjwa pamoja, akafunga fundo.

Sasa, masjalani wana utaratibu wao. Jibu likitolewa mara moja haliaminiwi. Kwa hiyo baada ya wiki mbili tatu Karani alirudia swali la nyuma, akaligeuza kidogo, na majibu yakilingana aliweka tiki nyekundu pembeni.

"Mama, mlipohamia mji huu mlikuwa na watoto wangapi?"

"Tuliingia mikono mitupu. Wewe nilikuzalia hapa hapa."

Tiki.

"Ningempata na shangazi ningemuuliza," Karani alisema, akifunika kalamu. "Si aliandika namba yake ya simu kwenye kikaratasi siku ya mazishi ya baba?"

"Kile kikaratasi kilipotea, mwanangu. Mambo ya msiba unayajua."

Mama aliitazama ile tiki kama anavyoutazama mshono uliokwenda kombo kwenye gauni ambalo mwenyewe keshalichukua. Alijiambia atasema mtoto akizaliwa. Mwenye mimba haambiwi habari za vifo.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, mnene, sauti kama king'ora. Bibi yake akamwita mume wangu, akamkemea kwa kuchelewa kuja kumuoa. Siku ya kujifungua ndiyo pekee Karani aliyoruka, na kesho yake akauliza maswali mawili kufidia. Mama alipomwona mjukuu anavyonyonya, akajiambia: huyu mzima, ya nini kuwatia watu hofu? Akanyamaza mwezi, miwili, sita. Ila kila asubuhi, kabla ya swali, aliibinyabinya mikono ya mtoto kidole kimoja kimoja, na Karani akadhani ni mapenzi tu ya bibi.

Mwezi wa saba vidole vikavimba.

Kwenye zahanati tabibu alimtazama mtoto mikono na miguu, akamwandikia kipimo cha malaria, akakuta hana. "Kuna ugonjwa wa damu wa kurithi ambao huanza hivi," alisema. "Kipimo chake hapa hatuna, ni mpaka hospitali kubwa. Upande wako au wa mumeo kuna mtoto aliyewahi kuvimba hivi? Au watoto waliofariki wadogo?"

Karani akatoa daftari mkobani. "Kwa mume wangu nilimuuliza mama mkwe, anasema hajawahi kusikia. Kwetu hakuna. Nimeuliza, na nimerudia." Akamwonyesha ukurasa.

Tabibu akausoma, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Wagonjwa wangu wote wangekuja na daftari kama hili, ningekuwa nakwenda nyumbani mapema. Basi tuanze na dawa ya maumivu na ya kuua vijidudu. Rudi siku ya nne."

Mama alikuwa kwenye benchi, hatua mbili kutoka mezani, ameshika kofia ya mtoto. Alifungua mdomo.

"Ulikuwa unataka kusema kitu, mama?" tabibu akauliza.

"Nasema mvalishe kofia. Nje kuna upepo."

Siku ile na ya pili yake alishona bila kuona anachoshona. Mguu ulikuwa kwenye pedali, akili iko kwingine. Nikisema sasa, ataniuliza kwa nini sikusema pale zahanati. Nikisubiri kesho, mtoto atakuwa amepona na hakutakuwa na haja. Na nikisema, atanitazamaje? Atalitazamaje tumbo lililomzaa? Alimaliza sare nne za shule, na zote alizifumua, maana alikuwa ameshona mikono ya kushoto kulia.

Asubuhi ya tatu mtoto hakulia. Alilala begani kwa mama yake, amelegea, anapumua haraka haraka. Karani alikuwa hajachana nywele, lakini daftari lilikuwa wazi na tarehe imeandikwa. Ilikuwa kama asipoandika nyumba nzima itamwangukia.

"Swali la leo," alisema. "Mimi nilipokuwa mdogo niliwahi kuvimba mikono hivi?"

Mama alikuwa ameshika kiganja cha mjukuu. Kilikuwa cheupe kama chaki.

"Wewe hapana," alisema.

Karani alianza kuandika. Kalamu ikasimama. Alikuwa amezoea majibu ya watu, alijua lini mtu amejibu swali na lini amejibu nusu.

"Mimi hapana," alisema taratibu. "Nani ndiyo?"

Mama aliinuka, akavuta droo ya chini ya cherehani, akatoa bobini, akatoa mikasi mibovu, akatoa kitambaa kilichokunjwa chini kabisa. Ndani yake mlikuwa na karatasi za kaki, zile fundi anazokatia nguo, zimekunjwa mara nne. Akazifungua juu ya meza ya pasi, juu ya daftari lenyewe. Yalikuwa mashati mawili ya mtoto, ya karatasi, yenye namba za penseli: kifua, bega, urefu. Moja namba zake zilikuwa zimefutwa na kuandikwa upya mara tano, mtoto alivyokuwa anakua. Hapakuwa na ya sita.

"Na hapa?" Karani akauliza. Mwisho wa mkono wa shati ulikuwa umeongezwa kipande kingine cha karatasi, umepanuliwa, hauendani kabisa na kifua.

"Hapo nilipanua. Vidole vilikuwa havipiti."

Karani aliziangalia karatasi kwa muda mrefu, mtoto anapumua begani. Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga.

"Wawili?"

"Wawili. Kaka zako."

"Na pale zahanati ulikuwa umekaa."

"Nilikuwa nimekaa."

Akazikunja karatasi, akazitia ndani ya daftari, akajifunga kanga ya kumbebea mtoto. Mama akasogea kumsaidia fundo, akakuta mkono wa binti umefika kwanza.

"Twende," Karani alisema. "Daktari utamwambia wewe. Mimi nilishamwambia mtu uongo kwa mdomo wangu."

Hospitali kubwa walipimwa, ikatoka siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto aliongezwa damu siku hiyo hiyo. Daktari hakugomba; alisema tu kwamba damu ilikuwa imeshuka mno, na kwamba siku tatu kwa mtoto wa umri ule ni nyingi. Alieleza pia kuwa ugonjwa hutoka kwa baba na mama wote wawili, kila mmoja ana nusu yake bila kujua. Mama alisikia hilo akiwa amesimama ukutani. Kosa halikuwa la tumbo, na wala halikuwa lake peke yake. Miaka thelathini, na jibu lilikuwa linasubiri mtu aulize.

Walikaa wodini siku kumi na moja. Karani aliongea na mama yake inapobidi tu: shika hapa, lete maji, nesi anaita. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu mama alikaa kwenye kiti cha pembeni ya kitanda, amenyooka, anasubiri. Karani alifungua daftari, akaandika tarehe, akaandika joto la mtoto na dawa alizopewa, akafunga. Swali halikuja.

Siku ya kumi na mbili walikuwa nyumbani. Mtoto alikuwa anacheza na kopo la chaki. Karani alifungua ukurasa ule wa siku ya thelathini na moja, akaukata kwa mstari mmoja, jibu na tiki yake, akageuza ukurasa mpya.

"Wa kwanza aliitwa nani?"

Mama alilitaja jina. Lilitoka kwa shida, kama mlango wa stoo ambao haujafunguliwa siku nyingi. Kisha akalitaja la pili. Karani akayaandika yote mawili. Kalamu nyekundu ilikuwa mezani, karibu na mkono wake. Hakuigusa.

Mama aliiona. Akanywa chai iliyokuwa imepoa, akaweka kikombe chini.

"Muulize na shangazi yako," alisema, akaanza kuitaja namba ya kile kikaratasi, tarakimu moja moja, bila kutazama popote. Alikuwa anaijua kwa kichwa.