Tairi Nyembamba za Kwenda Lusewa

Pale kwa Mussa, muuza tairi karibu na stendi ya Songea, nilichagua tairi nyembamba ndefu, watu wakanicheka hadi nikacheka na mimi.

"Optatus, unataka pikapu au korongo wa miguu mirefu?" Mussa akauliza. "Gari ya kijana inavaa tairi pana bwana!"

"Pana za kuringia lami hizo. Mimi Jumamosi naenda Lusewa."

"Na mvua hii?"

"Si ndiyo maana! Tope la kule, juu uji, chini kugumu. Tairi pana inaelea tu, inateleza. Nyembamba inachana mpaka chini. Na hizi ndefu zitaninyanyulia tumbo la gari."

Darasani sikukaa, lakini tope nimelisoma.

Tukazifunga. Nikikata kona, tairi inasugua madigadi, kra kra kra. Nikaazima msumeno nikakata madigadi. Mussa akashika kichwa. Mimi nacheka tu, maana Jumamosi barua yangu ya posa ilikuwa inapelekwa. Mzee Otto wa Lusewa, baba yake Benigna ninayemposa, alishatuma neno: saa sita ikipita hamjafika, msije tena.

Sasa mwoaji haendi kujiposea, anakwenda mshenga. Mshenga wangu ni baba mdogo Romwaldi, na dereva wa kuikubali njia ile hakupatikana. Tukapatana: mimi niendeshe, nisishuke, nisitaje jina. Mzee Otto alikuwa hajawahi kuniona.

Namtumbo tukaiacha lami. Tope hilo! Gari inakwenda kama kisu kwenye ugali. Nikawa napiga kelele peke yangu, baba mdogo anasali rozari.

Mbele tukakuta pikapu ya tairi pana imezama mpaka bampa, mzee kasimama pembeni, viatu mkononi.

"Mungu wangu, ndiye Mzee Otto," baba mdogo akaninong'oneza. "Funga mdomo."

"Shikamoo mzee," nikasema, nikafunga.

"Marahaba. Romwaldi! Nilijua mtakwama ninyi, kumbe nimekwama mimi!" Akapanda, tukabanana watatu mbele. "Na huyu nani?"

"Dereva tu," baba mdogo akajibu.

Tukaondoka. Mzee akachungulia tairi dirishani, akanitazama, akachungulia tena.

"Kijana, unaendesha! Umeoa?"

"Bado, mzee."

"Wasichana wa Songea vipofu. Binti yangu mimi kapata kijana wa huko huko Songea, Ruhuwiko, nasikia hatulii, shule kaiacha darasa la sita. Romwaldi, nikwambie kweli, leo nilipanga kukataa."

"Posa haisemwi njiani," baba mdogo akasema, jasho linamtoka na baridi yote ile. Mimi nikauma mdomo nisicheke, nikakanyaga mafuta.

Tukafika saa sita kasoro dakika kumi. Wao wakaingia ndani, mimi nikabaki kwenye gari karibu na dirisha lao, kioo chini, masikio nje.

Nikasikia baba mdogo anaweka barua mezani. Nikasikia Mzee Otto: "Kabla sijairudisha, huyo mwoaji mwenyewe yuko wapi, nimwone hata siku moja?"

Baba mdogo uongo hauwezi.

"Ndiye... aliyekupa lifti, mzee."

Halafu mzee akaangua kicheko, akacheka, akakohoa, akacheka tena.

"Benigna! Njoo hapa. Barua ya hawa wageni niifungue au niirudishe?"

"Fungua, baba."

"Sema vizuri, mvua inapiga bati!"

"FUNGUAAA!"

Nikalalia honi. Kuku wakaruka, mbwa wakabweka, majirani wakatoka na masufuria mkononi. Baba mdogo akaja mbio mlangoni.

"Acha, mpumbavu wewe! Hujaitwa!"

Nikaiachia. Nikamwangalia. Nikaipiga tena.