Tembo Hatozi Kitu

Wageni walicheka mpaka gari likatikisika. Verediana Kalinga, binti wa Idodi aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kuongoza watalii hifadhini Ruaha, hakujua amekosea wapi. Mzungu mmoja alikuwa amemwonyesha tembo dume kando ya njia, akauliza, "Will he charge?" Naye akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba hapana, kumtazama tembo ni bure.

"Kauliza kama tembo atatuvamia, dada," alinong'ona Dastan, dereva aliyekuwa akimfundisha kazi. "Wewe unamwambia habari za bei!"

Jumamosi alikwenda Ipogolo kwa shangazi yake Faustina, nesi wa siku nyingi. Alisimulia huku machozi yakimlenga. Shangazi aliendelea kusonga ugali.

"Mimi pale wodini wananiitaje?"

"Inchaji, mkuu wa wodi."

"Simu yako ikizima?"

"Naichaji."

"Na mwizi wa ng'ombe akifikishwa mahakamani, anasomewa nini?"

"Mashtaka." Verediana akafuta machozi. "Shangazi, hata hayo ni charge?"

"Hayo hayo. Neno moja, shughuli kibao. Angalia limekaa na nani, ndipo ujibu. Haya, nawa mikono."

Alirudi kazini akiwa na hamu ya kulisikia tena.

Asubuhi moja walisimama karibu na mto. Tembo jike akachomoza vichakani na mtoto wake, masikio ameyatandaza. Dastan akawasha gari, likagoma. Nyuma wageni wakaanza kupiga kelele, na mmoja akashika kitasa cha mlango.

Verediana akasimama. Akawaambia kwa Kiingereza kwamba mama huyu anaweza kuwavamia, na kwamba mwenye amri ndani ya gari hili ni yeye: wakae, wanyamaze, asifungue mtu mlango. Lile neno alilitumia mara mbili kwa pumzi moja, na kila mmoja alimwelewa.

Wakaketi kimya. Tembo akaja mbio, vumbi likatimka, akasimama ghafla karibu kabisa na boneti. Akalia kama baragumu, akawatazama, kisha akageuka na kumsukuma mwanawe taratibu kuelekea majini.

Makofi yakalipuka. Mzungu aliyeshika kitasa alikuwa akilia na kucheka. Dastan akajaribu tena ufunguo, injini ikanguruma. Akapigapiga kiti cha mbele.

"Hamia huku, mwalimu. Leo nifundishe mimi."

Verediana akaruka kiti, akakaa, akaanza kuwasimulia wageni habari za mto.